Maswali na majibu: Wasifu wa steshenari ndio unaowatia kiwewe

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana waliomaliza vyuo na bado wako nyumbani, na chache kwa watu wazima walioachishwa kazi. Mlioandika "mama, nafasi zimetoka?" bila hata kutaja kada yenu, sitawajibu mmoja mmoja. Nafasi za serikali zinatangazwa kwenye Ajira Portal na kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, bure, na kila tangazo lina tarehe yake ya mwisho. Fungueni msome wenyewe, mpaka mstari wa chini kabisa.

Shikamoo mama. Mtihani wa mchujo huwa nafaulu vizuri, ila nikiingia usaili wa mahojiano mikono inatetemeka, mdomo unakauka, nasahau hata ninayoyajua. Nifanyeje? (Msomaji, Mbezi)

Marahaba mwanangu. Kama mchujo unafaulu, basi kichwani umo. Huko kutetemeka ni mwili unamwaga adrenalini, kama vile umekutana na nyoka njiani: moyo unakwenda mbio, mate yanakauka. Wasaili wazoefu wanalijua hilo na hawakukati alama kwa mkono uliotetemeka. Kabla ya kuitwa, vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Endelea hivyo dakika mbili tatu, mapigo ya moyo yatashuka. Kula kitu asubuhi. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu viache, vitakuzidishia mtetemo. Ukikwama kwenye swali, sema "naomba nifikirie kidogo". Inaruhusiwa, na jopo litakusubiri.

Lakini hayo ni ya juu juu. Nilikuwa afisa utumishi na nimekaa kwenye majopo ya usaili miaka mingi, na nitarudia ninalolisema kila mara kwenye safu hii: woga mwingi unaanzia steshenari. Kijana anakwenda pale nje ya geti la chuo, anamwambia mchapaji "nitolee CV", mchapaji anafungua faili la mtu mwingine, anabadilisha jina, shule na namba ya simu, anachapa, wanaachana. Wasifu unatoka umejaa "mchapakazi, mwepesi wa kujifunza, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo", na chini yake umepangwa ujuzi ambao mwenye jina hajawahi kuugusa.

Yuko binti mmoja simsahau. Wasifu wake ulisema anachambua takwimu kwa SPSS, ile programu ya kompyuta ya takwimu. Mjumbe akamwuliza, kwa upole kabisa, takwimu za nini alizowahi kuchambua. Kimya. Akaitazama karatasi yake kama mtu anayeisoma kwa mara ya kwanza, jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo, na kuanzia hapo hata jina la ofisi aliyofanyia mafunzo kwa vitendo lilimtoka. Alikuwa na matokeo mazuri ya chuo, angeweza kuwa mshindani. Ila alikaa pale akilinda karatasi isiyo yake, na mtu wa namna hiyo hawezi kutulia hata avute pumzi mara mia.

Kwa hiyo andika wasifu wako mwenyewe, mstari kwa mstari. Kisha mpe dada yako au jirani akuhoji kila mstari: ulifanya wapi, lini, ulifanyaje, ikawaje. Jibu kwa sauti. Ukijijibu moyoni hujajiandaa, kwa sababu kwenye chumba cha usaili hakuna atakayekusoma moyoni. Anza kwa Kiswahili hata kama usaili utakuwa wa Kiingereza, upate kwanza la kusema. Na mkiambiwa "jieleze", acheni kuanza na "nimezaliwa Kyela, ni mtoto wa nne katika familia ya watoto saba". Jopo halijauliza ukoo. Sema ulisomea nini, umefanya nini kwa mikono yako, na kwa nini kazi hii unaiweza. Dakika mbili zinatosha.

Rafiki yangu humeza kidonge cha presha kabla ya usaili, anasema kinaondoa mtetemo. Nami ninunue? (Morogoro)

Usinunue. Nadhani unasema propranolol. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua mpaka ikawa hatari kwa maisha yake. Hofu ikikuzidi kiasi cha kutafuta vidonge, nenda hospitali ukaeleze. Na ninyi wenye maduka ya dawa mnaowauzia vijana hawa bila cheti cha daktari, mnajua mnachokifanya.

Kuna kaka ana koneksheni Dodoma. Anataka laki tano anipitishe. Nimpe nusu kwanza?

Usimpe hata mia. Sekretarieti ya Ajira haimtozi mwombaji chochote. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inawatia hatiani wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure.

Mjue pia matapeli hawa wanavyofanya kazi. Huyo kaka huenda hamjui hata mlinzi wa pale ofisini. Anachukua hela kwa watu wengi, anasubiri majina ya walioitwa kazini yatoke, kisha wale waliopita kwa uwezo wao anawapigia: "si nilikwambia?" Hao ndio watakaomtangaza kwa wenzao. Walioshindwa anawaambia "safari hii watu walikuwa wengi, ngoja awamu ijayo", nao wanaona aibu kwenda polisi kwa kuwa na wao walitoa rushwa. Sisemi upendeleo haupo. Upo, na mahali pengine ni mwingi, lakini hauuzwi kwa WhatsApp na mtu usiyejua anapoishi.

Nilimaliza shahada ya uhasibu 2021. Tangu hapo nauza chipsi Tegeta. Kwenye wasifu nimeacha wazi, nikiulizwa nasema nilikuwa natafuta kazi. Ukweli naona aibu.

Swali hili ndilo lililonifanya niandike safu ya wiki hii.

Mwanangu, aibu ya nini? Unashika fedha taslimu kila siku. Unajua gunia la lumbesa linatoa sahani ngapi na lile la kawaida linatoa ngapi. Mafuta ya kula yakipanda bei unaona siku hiyo hiyo faida inaliwa wapi, na unaamua: upandishe bei ya sahani au upunguze viazi? Una wateja wanaokula kwa mkopo, unawaandika, unawadai mwisho wa mwezi, na unajua nani hafai kukopeshwa tena. Hayo ni mauzo, gharama, akiba ya bidhaa na wadaiwa. Ulisomea hayo hayo darasani, tofauti ni kwamba sasa fedha ni yako na ikipotea hulali.

Andika hivi: "2021 hadi sasa, mmiliki na msimamizi wa biashara ndogo ya chakula, Tegeta. Kutunza kumbukumbu za mauzo na matumizi ya kila siku, kusimamia akiba ya bidhaa, kufuatilia madeni ya wateja." Usijiite Mkurugenzi Mtendaji, tafadhali. Kama kumbukumbu hizo zipo kichwani tu, nunua daftari kesho uanze kuandika, kwa sababu jopo litakuuliza, na wewe umeshaona hapo juu kilichompata binti wa SPSS. Tena jipange uanze mitihani ya NBAA, ile bodi ya wahasibu, kidogo kidogo, maana kwenye kada yenu cheti chake cha CPA kinafungua milango ambayo shahada peke yake haifungui.

Nikwambie na upande wa pili. Tangazo likidai uzoefu wa miaka kadhaa kwenye ofisi ya uhasibu, banda la chipsi halitahesabiwa, usipoteze muda wako. Lakini nafasi za kuanzia zipo, na huko ukisema "nilikuwa natafuta kazi" miaka yote hiyo, msaili anaona mtu aliyekaa. Hukukaa. Umejilisha, na nina hakika umelisha na wengine.

Bodaboda, wasusi, mawakala wa fedha za simu, wafundishaji wa tuisheni mtaani: jibu lenu ni hilo hilo.

Majina yangu kwenye cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yanatofautiana herufi moja. Kuna shida?

Ipo. Shughulikia sasa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, kadiri tangazo linavyotaka, usingoje siku ya usaili. Na kwa mara nyingine tena: karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya cheti, matangazo yanaandika hivyo kila siku. Sitalijibu tena hili mwaka huu.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nikianza kujibu naogopa watacheka. (Singida)

Matangazo ya serikali yenyewe yanaruhusu barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa hiyo anza kwa kutoogopa lugha yako. Ukiwa chumbani uliza kwa heshima kama unaweza kujibu kwa Kiswahili. Wakikubali, shukuru ujibu. Wakikataa, tumia sentensi fupi, moja baada ya nyingine. Wanaoharibikiwa ni wale wanaokariri aya nzima ya mtu mwingine, wakikatizwa katikati hawajui pa kurudia. Kama kazi ni ya mapokezi kwenye hoteli ya watalii Zanzibar, hapo Kiingereza ni sehemu ya kazi, kajifunze. Lakini mwajiri anayemkosa mtunza stoo hodari wa Singida kwa sababu ya kitenzi kimoja, hasara ni yake, na hasara hiyo naiona kila mwaka.

Kwenye usaili wa kampuni moja waliniuliza kama nimeolewa na kama nina mpango wa kuzaa karibuni. Nilijibu ukweli, hawakunipigia tena. Ni halali?

Si halali kukunyima kazi kwa sababu hiyo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, ndoa na majukumu ya kifamilia, ulemavu, umri na mengine, na inamlinda hata mwombaji wa kazi. Shida ni ushahidi: hawakukwambia kwamba wamekuacha kwa ajili hiyo. Siku nyingine jibu kwa utulivu, "majukumu yangu ya nyumbani hayatazuia kazi hii", kisha rudisha mazungumzo kwenye kazi. Ukitoka, andika tarehe, nani aliuliza na aliuliza nini. Mabinti, hata maswali yanayohusu chakula cha jioni na namba binafsi ya bosi yaandikeni, na muwe tayari kuinuka na kuondoka.

Nimeitwa usaili Dodoma, niko Kigoma, sina nauli wala pa kufikia.

Pole. Matangazo huwa yanasema wazi kwamba msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi, na hilo linaniuma, kwa sababu anayebebeshwa gharama ni yule yule asiye na kazi. Siku hizi mchujo wa kada nyingi unafanyika mikoani, ni jambo jema. Hakikisha akaunti yako ya portal inaonyesha makazi yako ya sasa, wengi wameacha anuani za chuo. Waajiri binafsi nao waanze na simu: dakika kumi za kuongea zingemwokoa mtu na basi la usiku kucha. Kwa safari hii, uliza wenzako mlioitwa pamoja mchange chumba, na ulizia kanisani au msikitini kwako kama kuna mwenyeji Dodoma. Usikope kwa riba za mtandaoni.

Mwanangu alihitimu mwaka juzi. Siku hizi hatoki chumbani, hali vizuri, simu hapokei. Baba yake anamwita mzigo. Nimeanza kuogopa. (Mama, Moshi)

Pole sana dada yangu, na usipuuze hofu yako.

Kwanza baba aache hilo neno, leo. Kijana anayetuma barua miezi yote hiyo bila kujibiwa tayari anajiita hivyo mwenyewe. Nanyi ndugu mnaokutana naye harusini na misibani mkamwuliza "bado tu?", mnadhani mnamjali, kumbe mnamfukuza. Pangeni siku moja ya wiki ya kuzungumzia kazi, siku nyingine mle pamoja muongee mengine. Mpe shughuli ya nyumba inayohitaji akili yake, kama kusimamia matumizi au kumfundisha mdogo wake.

Lakini kama hali hii imezidi wiki mbili, halali, hali, hapendi tena alivyovipenda, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, waeleze wazi. Mwulize pia, bila kuzungukazunguka, kama amewahi kufikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo, kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, ondoeni sumu ya panya na dawa za shamba ndani ya nyumba, na mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Nimepunguzwa kazi baada ya miaka sita. NSSF wananipa chochote wakati natafuta nyingine?

Lipo fao la kukosa ajira tangu mabadiliko ya sheria ya 2018. Uwe umechangia angalau miezi 18, uwe chini ya miaka 55, na uwe hukuacha kazi mwenyewe. Ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Nenda na barua ya mwajiri. Na wote mnaopunguzwa, msisaini karatasi inayosema mmeacha kwa hiari yenu, hata mkiambiwa ni utaratibu tu, kwa sababu fao hilo mtalikosa. Ukiona umeachishwa kwa uonevu, una siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa tangu ulipoachishwa.