Muulize Anko: Polisi na mgonjwa wapi na wapi?

SWALI: Shikamoo Anko. Mtoto wa dada angu anaishi Marekani, jimbo la Maryland, mwezi uliopita kapata ajali ya gari usiku, mama ake akapigiwa simu akaambiwa mwanao kachukuliwa na polisi kwa helikopta. Anko tulilia nyumba nzima, tukajua dogo kafanya ujinga wa bangi au nini sijui, kumbe kapelekwa hospitali na saa hizi anaendelea vizuri namshukuru Mungu. Sasa naomba unisaidie, polisi na mgonjwa wapi na wapi? Halafu hilo bili la helikopta nani analipa, maana dada kashaanza kuulizia bei ya kiwanja chake cha Chanika. (Mama wa Tabata Kimanga)

ANKO: Marahaba mama, poleni sana. Kabla ya yote mwambie dada asiuze kiwanja. Helikopta ya polisi ya Maryland haimtozi majeruhi hata senti. Kule kila mwenye gari akisajili gari lake kuna hela anakatwa ya huduma za dharura, ndo inayosaidia kuzirusha hizo helikopta. Bili ya hospitali hiyo ni habari nyingine, hapo dogo aangalie bima yake. Na ashukuru alibebwa na ya polisi, ingekuwa ya kampuni binafsi huko Marekani bili inafika makumi ya maelfu ya dola na hapo kiwanja kimoja cha Chanika kisingetosha.

Sasa polisi waliingiaje kwenye mambo ya wagonjwa. Marekani hawana jeshi moja la polisi la nchi nzima kama sisi, kila jimbo lina polisi wake, na majimbo mengi polisi hao wana kikosi cha ndege. Pale Baltimore, mji wa hukohuko Maryland, kulikuwa na daktari bingwa wa upasuaji anaitwa R Adams Cowley, huyu mzee alikuwa na wimbo mmoja tu, kwamba mtu aliyeumia vibaya ana kama saa moja ya kuokolewa, akaiita saa ya dhahabu, ikipita hiyo hata umpeleke kwa nani anakufa. (Siku hizi madaktari wanabishana kama kweli ni dakika 60 kamili au hiyo namba ilikuwa ya kushtua watu, ila kwamba kuchelewa kunaua hakuna anayebisha.) Shida yake ikawa usafiri. Wanajeshi Vietnam walikuwa wanabebwa na helikopta kutoka vitani mpaka mezani kwa daktari, raia aliyegongwa barabarani analala hapo anasubiri gari. Kununua helikopta ya wagonjwa peke yao ni hela ndefu na muda mwingi ingekaa bure, kwa hiyo wakaunganisha, helikopta iwe ya polisi, ifanye doria na kutafuta waliopotea, ikitokea ajali inageuka ambulensi. Tarehe 19 Machi 1970 ndo wakabeba majeruhi wa kwanza. Mimi hii akili naipenda kuliko helikopta yenyewe.

Mpaka leo ndo hivohivo. Wana helikopta 10 aina ya AW139, injini mbili, likikimbia kabisa linafika karibu kilomita 300 kwa saa, na vituo 7 vimetawanywa jimbo zima, jimbo lenyewe halifiki hata nusu ya mkoa wa Morogoro. Ndani wanakuwa marubani wawili na askari wawili, na hao askari ni polisi kweli, ila wamesomea huduma ya dharura, yani huyohuyo anayejua kukamata mwizi anajua kumwekea mgonjwa mpira wa kupumulia huku chombo kinatikisika na kelele ndo usiseme.

Zamani humo ndani hawakuwa wengi hivo. Usiku wa Septemba 2008, ukungu na mawingu ya chini, helikopta yao moja ilikuwa imebeba mabinti wawili wa ajali ya gari, ikashindwa kufika hospitali, rubani akaamua kurudi kutua uwanja wa ndege wa Andrews, ikaanguka msituni kabla ya kufika. Watu wanne walikufa, akapona binti mmoja tu. Rubani alikuwa mmoja tu. Baada ya hapo wakakaza masharti ya nani apandishwe helikopta na nani aende kwa gari, maana waligundua walikuwa wanarusha hata watu ambao gari lingewafikisha salama tu. Kwa hiyo mama, kama dogo alipandishwa, ujue walioko barabarani walimwona ana hali mbaya au hospitali ilikuwa mbali. Msimkaripie sana akipiga simu.

Najua utauliza na hapa kwetu je. Polisi wetu helikopta wanazo, tunaziona, ila sio za kukaa zinasubiri ajali. Na mimi kila nikipita Chalinze napiga hesabu, ni kama kilomita 100 mpaka Muhimbili, kwa helikopta nusu saa haifiki, kwa gari ukikutana na foleni ya Kibaha mpaka Kimara hata king'ora kinapiga mpaka kinachoka, malori yatahamia wapi. Ndo maana yule mzee wa Baltimore simtoi akilini.

SWALI: Anko mambo. Eti helikopta za polisi wa Marekani zina kamera inaona mtu ndani ya nyumba hata kama umefunga mlango? Jamaa yangu kabisha mpaka tumewekeana elfu kumi. (Kijana wa Kigamboni)

ANKO: Poa. Kama wewe ndo uliyesema haioni, kachukue elfu kumi yako. Ile ni kamera ya joto, inasoma joto la kitu kwa nje. Ukuta wa tofali haipiti, hata kioo cha dirisha haipiti, itakuonyesha ukuta una joto kiasi gani basi. Porini usiku ndo mahali pake, mtu anang'aa kama taa hata akilala kwenye majani. Ila kitu chembamba kinaweza kupitisha joto la mtu, tarehe 19 Aprili 2013 kijana wa mabomu ya mbio za Boston kule Marekani alijificha ndani ya boti iliyofunikwa plastiki, mwenye boti ndo aliyemshtukia akapiga simu, halafu helikopta ya polisi wa jimbo la Massachusetts ikamwona kwa juu akijigeuza humo ndani. Na kuhusu nyumba za watu Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 2001, kwenye kesi ya Kyllo, polisi kuimulika nyumba kwa kifaa hicho ni upekuzi, waende kwanza na kibali. Huyo Kyllo walimpimia wakiwa kwenye gari nje ya nyumba yake, taa za kuoteshea bangi zimechemsha ukuta.

SWALI: Mzee mwenzangu, mimi dereva wa basi la mkoani. Nimesikia wenzetu wana tochi ya kupimia spidi ya kwenye ndege, ni kweli au utani? (Dereva, Mbezi)

ANKO: Kweli kabisa mzee, kuna majimbo wanafanya hivo, California mojawapo, na wala hakuna mtambo wa ajabu. Barabarani wamechora mistari ambayo umbali wake unajulikana. Juu kuna kindege kidogo cha Cessna, askari ana saa ya kuhesabu sekunde, gari likigusa mstari wa kwanza anabonyeza, likigusa wa pili anabonyeza. Mita 400 kwa sekunde 12 hiyo ni 120 kwa saa, huna ubishi. Anamtaja kwa redio trafiki aliye mbele, wewe unashtukia unasimamishwa na mtu ambaye hana tochi mkononi. Zile taa mnazomulikiana mkipishana kule hazina kazi, mwenzako anayekuja naye hakuona kitu.