Bomba Limepasuka: Niliyoyapata Fildi Kitengo cha Uhusiano

Nilikwenda fildi wiki nane kwenye mamlaka ya maji ya mji mmoja, kitengo cha mawasiliano na uhusiano kwa umma. Ndiyo kwanza nimemaliza mwaka wa pili chuo, nimeshona mashati mawili mapya, na kichwani mwangu afisa uhusiano alikuwa mtu anayesimama karibu na mkurugenzi picha inapopigwa.

Siku ya tatu bomba kubwa likapasuka, kata tatu zikakosa maji. Msimamizi wangu, ambaye ofisi nzima ilimwita Dada Mkubwa, akaniambia niandae tangazo. Nikaandika kwa lugha niliyozoea kuisoma kwenye mbao za matangazo: "Mamlaka inawatangazia wateja wake kuwa kutakuwa na ukosefu wa huduma kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Akasoma amesimama, kalamu nyekundu mkononi.

"Sababu gani?"

"Bomba, Dada."

"Limefanyaje?"

"Limepasuka."

"Basi andika limepasuka. Na huu usumbufu utakaojitokeza ni upi? Watu wananunua maji ya madumu tangu jana usiku. Si umeshajitokeza?"

Tangazo lililotoka lilikuwa na mistari mitano: bomba limepasukia wapi, mitaa ipi haina maji, mafundi wamefikia wapi, maji yanatarajiwa saa ngapi, namba ya kupiga. Simu hazikukoma, ila badala ya "kwani kuna nini?" watu wakawa wanauliza "bado tu?" Kama wewe ndiye unayepokea simu, utajua hizo ni simu mbili tofauti kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba darasani haya nilishayasoma. Tulifundishwa habari za Ivy Lee wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii ya uhusiano kwa umma, ambaye mwaka 1906, treni ya Pennsylvania Railroad ilipotumbukia majini Atlantic City, aliwaandikia waandishi wa habari taarifa ya ajali badala ya kampuni kujifungia kimya. Swali lilikuja kwenye mtihani, nikalijibu vizuri. Halafu ajali yangu ya kwanza, ya bomba tu, nikakimbilia "sababu zilizo nje ya uwezo wetu".

Wiki ya tano nikavuruga zaidi. Mkurugenzi alikuwa na mkutano na waandishi, na kwenye ratiba yake ya Kiingereza iliandikwa 10:00. Mwaliko ulikuwa wa Kiswahili, mimi nikahamisha tarakimu kama zilivyo: "saa 10:00". Saa nne asubuhi mkurugenzi ameketi, maji ya chupa yamepangwa, mwandishi ni mmoja, naye alikuja kwa sababu ofisi yao iko jirani. Saa kumi jioni likafika gari la televisheni, kamera begani, wakamkuta mhudumu akikunja vitambaa vya meza. Hakuna aliyenifokea. Dada Mkubwa alinipa tu orodha ya namba akaniambia nimpigie kila mwandishi, mmoja mmoja, nimwombe radhi kwa jina langu. Simu kumi na saba.

Tangu hapo mwaliko wangu unaandikwa "Jumatano, saa 4:00 asubuhi", na asubuhi yake nawapigia tena wote. Ukiita watu wa magazeti, waite asubuhi, maana wanaporudi chumba cha habari lazima wapate muda wa kuandika. Na hizo simu kumi na saba, niseme ukweli, ndizo zilizonipa marafiki. Wawili kati yao bado tunasalimiana.

Maelezo ya picha nayo ni mtego. "Wa pili kulia" ni kulia kwa anayeitazama picha, si kwa aliyesimama ndani yake, na jina la mtu muulize mwenyewe akutajie herufi. Mambo ya bahasha, yaani pesa wanazopewa waandishi wakija kwenye tukio, na nauli zao utayakuta. Usiahidi kitu, mwelekeze anayeuliza kwa msimamizi wako.

Halafu kuna kitabu cha kumbukumbu, ambamo mwanafunzi wa fildi huandika kazi alizofanya kila siku: kiandike siku hiyo hiyo, hata mistari miwili. Mimi nilikijaza kwa usiku mmoja, wiki ya mwisho, kwa mwanga wa simu. Mwalimu alipokuja kunikagua akafungua katikati, akaweka kidole kwenye tarehe 8 Agosti: "Nilipanga mafaili ofisini." Akanitazama juu ya miwani. "Nane Nane mlifungua ofisi?"

Nane Nane, sikukuu ya wakulima, nilishinda kwenye banda letu la maonyesho tangu asubuhi hadi magharibi, nikiwaonyesha wazee namna ya kusoma mita na kujibu kwa nini bili imepanda. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za fildi yangu, na kitabuni haimo.