Camaro ya 1969: Soma Namba Kabla ya Kuosha Injini

SWALI

Fundi, salaam. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio. Nimenunua Chevrolet Camaro ya mwaka 1969, ya buluu yenye mistari myeupe, ambayo muuzaji anasema ni Z/28 halisi (toleo la Camaro lenye injini ya mashindano) iliyotoka kiwanda cha Norwood ikiwa na injini hiihii. Ushahidi alionionyesha ni namba ya gari inayoanza na 124379N. Mbele ya bloku nimesoma kwa shida V0305DZ, na kwenye kibati kilichopigwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini kuna 03B na X33. Mthamini wa bima atakuja baada ya wiki mbili, nami nataka kuosha injini kwa maji ya presha na kuipiga rangi polishi kwa mashine ili alikute gari linang'aa. Je, nianzie wapi, na nitajuaje kama vipuri vyake ni orijino?

JIBU

Ndugu yangu, mashine ya maji iache kwanza. Katika gari la umri huu, grisi na vumbi vilivyoganda kwenye injini mara nyingi vimefunika alama zilezile ambazo mthamini atakuja kuzitafuta: maandishi ya chaki na mabaka ya rangi yaliyowekwa na wakaguzi wa kiwandani, vibandiko vya karatasi, na ule weusi wa fosfeti kwenye bolti. Maji ya presha huviondoa vyote kwa dakika chache, na baada ya hapo hakuna anayeweza kuvirudisha bila kughushi. Piga picha kila kona, soma kila namba, linganisha tarehe, na kazi ya kusafisha iwe ya mwisho.

Namba aliyokuonyesha muuzaji inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isithibitishe alichodai. Tarakimu ya 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya injini ya V8, 37 ni kupe (coupe), yaani gari la milango miwili, 9 ni mwaka 1969, na N ni Norwood, mji ulio pembeni ya Cincinnati, kwenye jimbo hilohilo unaloishi. Tarakimu sita za mwisho, ambazo kwa mwaka huo zilianzia 500001, ni za mfululizo wa uzalishaji tu. Z/28 ilikuwa oda ya ziada, kwa hiyo haikuandikwa popote ndani ya namba ya gari, na Camaro ya kawaida ya V8 ingeweza kufuatana nayo kiwandani zikitofautiana tarakimu moja. Namba hiyo ina uwezo wa kukanusha tu: kama ingeanza na 123 tungejua gari lilizaliwa na injini ya silinda sita, na kama ingeanza na 12467 tungejua ni la paa la kukunja, na katika hali zote mbili dai la Z/28 ya 1969 lingekufa papo hapo. Kagua pia kibati chenyewe juu ya dashibodi, upande wa dereva, ambacho husomeka kupitia kioo cha mbele. Ribiti zake zina vichwa vilivyochongwa mfano wa petali za ua, na zisiguswe hata kwa nia ya kusafisha, kwa sababu kuondoa au kubadilisha namba hiyo ni kosa chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani.

Kibati cha ukuta wa injini kina habari nzuri zaidi. 03B maana yake ni wiki ya pili ya Machi, na X33 ni Z/28 iliyoagizwa pamoja na mapambo ya ziada ya nje. Isiyo na mapambo hayo iliandikwa X77. Norwood ilianza kupiga alama za X karibu na katikati ya Desemba 1968, na kiwanda cha Los Angeles hakikuzitumia kabisa, hivyo tarehe yako ya Machi inakubaliana na alama yako. Ungeniandikia kuwa kibati kina X33 na gari lilijengwa Oktoba 1968, jibu langu lingekuwa fupi sana. Angalia vilevile namba ya rangi, ambayo kwa buluu ya LeMans inapaswa kuwa 71. Hata hivyo vibati hivi hutengenezwa upya na kuuzwa waziwazi, na mwaka 1969 zilitoka Camaro 243,085 ambazo Z/28 zilikuwa 20,302 tu. Unaweza kuona mwenyewe jinsi kishawishi cha kuongeza moja kilivyo kikubwa. Ribiti mpya juu ya ukuta wa zamani, au rangi iliyobanduka kuzunguka kibati, zinatosha kumfanya mkaguzi aanze kuuliza maswali.

Sasa tuje kwenye injini, ambako ndiko bei ya gari hili ilikolala. Sehemu uliyosoma V0305DZ ni uso bapa ulio mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria. V ni kiwanda cha Flint, Michigan. 0305 ni tarehe 5 Machi. DZ ni injini ya inchi za ujazo 302 iliyofungwa kwenye Z/28 ya 1969, ile iliyopunguzwa ukubwa ili isivuke kikomo cha lita tano cha mashindano ya Trans-Am. Injini iliyounganishwa tarehe 5 na gari lililojengwa wiki ya pili ya mwezi uleule ni jambo linalowezekana kabisa. Lakini alama hiyo inakuambia aina ya injini tu. Inayoifunga na gari lako ni namba nyingine inayopaswa kuanza na 19N na kufuatiwa na tarakimu sita za mwisho za namba ya gari, ikiwa kwenye uso huohuo au karibu na chujio la oili. Hukuitaja katika barua yako, nami ningeitafuta leo kabla ya kufanya lolote jingine.

Namna ya kuitafuta ni hii. Lowesha kitambaa laini kwa mafuta ya taa, kiache juu ya grisi mpaka ilainike, kisha ufute polepole bila brashi ya waya, bila stiliwaya na bila msasa. Uso ukishaonekana, zima taa ya gereji na ulaze tochi ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari. Katika bloku ambayo haijaguswa utaona mistari myembamba sana, sambamba, inayotoka mbele kwenda nyuma ya injini, iliyoachwa na mashine iliyousawazisha uso huo kiwandani, na herufi zimezama ndani ya mistari hiyo. Uso ukiwa laini kama kioo, au mistari ikiwa ya mviringo, basi bloku imepita kwenye mashine tangu wakati huo. Huenda ni fundi mwaminifu aliyekuwa akitengeneza injini, huenda ni mtu aliyefuta namba na kupiga nyingine, na ndiyo maana herufi zenyewe zichunguzwe. Alama ya injini ilipigwa Flint na namba ya gari ilipigwa Norwood, kwa vyuma tofauti na mikono tofauti, hivyo mistari miwili ya maandishi yenye umbo moja, kina kimoja na mpangilio mmoja inatia shaka kuliko maandishi yaliyopinda kidogo.

Nyuma ya bloku, karibu na inapoungana na giaboksi, kuna namba iliyosubiwa pamoja na chuma. Kwa 302 ya 1969 zinajulikana 3932386, 3956618 na 3970010. Ukikuta ya mwisho usishangilie mapema, kwa kuwa ilitumika pia kwenye injini nyingi sana za 350 kwa miaka mingi iliyofuata. Tarehe ya kusubu huandikwa kwa herufi ya mwezi, siku, na tarakimu moja tu ya mwaka, kwa hiyo B 24 9 yaweza kuwa Februari 1969 au Februari 1979, na watu wameuziwa ya pili kwa bei ya ya kwanza.

Ukikuta bloku imepigwa CE badala ya namba ya gari, usiihesabu kuwa ni ya kughushi. Hizo ni bloku ambazo Chevrolet yenyewe ilitoa kufidia injini zilizoharibika ndani ya muda wa waranti, na kwa gari lililotengenezwa ili likimbizwe, historia hiyo inaaminika. Kwa maoni yangu CE iliyotangazwa wazi ni bora mara nyingi kuliko namba inayolingana kupita kiasi.

Vipuri vilivyobaki havina haja ya maelezo marefu, ila tarehe zake zote ziwe kabla ya wiki ya pili ya Machi 1969, na zisiwe nyuma mno. Kabureta iwe Holley yenye 3923289-DZ na LIST 4053. Distribyuta iwe 1111480. Kwenye distribyuta, alteneta na stata za Delco-Remy mwaka hutangulia, hivyo 9 B 18 ni tarehe 18 Februari 1969, kinyume na mpangilio wa kwenye bloku, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Alama ya giaboksi ya Muncie huanza na P, na giaboksi hiyo pia hubeba sehemu ya namba ya gari. Z/28 haikutoka na giaboksi ya otomatiki. Difu iwe na kifuniko cha bolti 12, na breki za mbele ziwe za diski.

Tafuta pia karatasi. Inua gari kwa jeki, shusha tangi la mafuta kwa uangalifu na utazame juu yake, kisha uchungulie kwenye springi za viti, kwa sababu huko ndiko karatasi ya maelekezo ya ujenzi wa gari husahaulika. Kijitabu cha waranti chenye kibati chake kidogo cha chuma ni ushahidi mkubwa zaidi. Kama gari liliuzwa mara ya kwanza Kanada, General Motors ya huko ilihifadhi rekodi za kila gari. Kwa yaliyouzwa Marekani, rekodi za namna hiyo kwa Camaro hazipatikani.

Baada ya hayo, safisha. Injini ikiwa baridi, funika kabureta, distribyuta na alteneta kwa plastiki, tumia sabuni iliyozimuliwa na brashi laini, na ufute kipande baada ya kipande ukiacha kila alama ya chaki au rangi unayokutana nayo. Manifoldi ya juu ni ya aluminiamu isiyo na mng'ao. Ukiipiga polishi ikawa kama sufuria mpya, mthamini ataona kuwa imechezewa.

Rangi ndiyo inayohitaji subira. General Motors ilitumia laka ya akriliki isiyo na tabaka la juu la kung'aa, hivyo polishi yoyote inakula rangi yenyewe, na kitambaa kitageuka buluu hata kama hujakosea. Pima unene kwanza. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 75 na 150. Mamia ya mikroni juu ya hapo, hasa nyuma ya matairi ya nyuma, maana yake ni puti au rangi iliyorudiwa. Ili kujua kama ni laka, gusa kwa tone la thina ya laka mahali pasipoonekana: laka itayeyuka, rangi za kisasa zilizokauka kwa kemikali hazitayeyuka. Ikiwa ni laka ya kiwandani, ioshe kwa maji yenye sabuni nyepesi, kisha uipake mafuta ya kulainisha rangi za zamani, kama Meguiar's namba 7, uyaache yanywewe usiku mzima na uyafute asubuhi. Mara nyingi rangi iliyopauka hurudi bila mashine kabisa. Mashine ikilazimu, tumia sponji laini kwa mwendo mdogo, na uweke tepu ya karatasi kwenye kingo za bodi na za mistari myeupe, kwani hapo rangi ni nyembamba na huisha ghafla. Nyufa ndogondogo ndani ya laka hazipoi kwa polishi; ziache.

Mthamini akija, mpe picha za kabla ya kusafisha pamoja na orodha ya vipuri ambavyo umegundua vimebadilishwa, na uombe bima ya thamani mnayokubaliana mapema badala ya ile ya bei ya soko baada ya ajali. Ile namba inayoanza na 19N ukiipata, nitumie picha yake iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni, bila kuhariri.