Kazi ya tanki dogo

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, nasi huku hatujambo. Umeniuliza kwa nini kila mnapochomoa mabomba ya kuchimbia kisimani, drila anayeendesha mtambo anakuweka kwenye tanki dogo kuandika lita za matope yanayoingia kisimani, ilhali wenzako wako sakafuni na koleo zao. Unaona kama adhabu. Mimi ningeweka hapo mtu ninayemwamini.

Gesi ya chini inazuiwa na uzito wa matope ya kuchimbia yaliyojaa kisimani. Matope ya kilo 1.2 kwa lita, kwenye kina cha mita 3,000, hukandamiza kwa takriban bari 353. Ukichomoa chuma, matope hushuka kujaza nafasi yake na mgandamizo unapungua, ndiyo maana tanki dogo hukijazia kisima. Kwa bomba la kawaida la inchi 5, stendi moja ya mabomba matatu hudai kama lita 110, mradi matope ya ndani ya bomba yanabaki kisimani. Stendi tano, lita 550.

Sasa kisima kikipokea lita 400 tu, jiulize lita 150 nyingine zilizojaza nafasi hiyo zimetoka wapi. Zimetoka mwambani. Mara nyingi mmechomoa kwa pupa, na biti, yaani kichwa cha kuchimbia, iliyogandwa na udongo imevuta gesi kama sindano ivutavyo dawa. Usisubiri stendi tano nyingine uone kama hesabu itajirekebisha. Paza sauti! Drila atasimamisha kazi, ataweka kabari za kushikilia bomba, atapachika vali ya usalama juu yake, kisha mtatazama kama kisima kinatiririka chenyewe. Kikitiririka kinafungwa papo hapo, kwa sababu gesi hiyo kidogo hutanuka kadiri inavyopanda, na ikifika juu ni makumi ya maelfu ya lita.

Kisima kikipokea zaidi ya hesabu, matope yanapotelea kwenye nyufa. Hilo nalo lipigie kelele.

Kihisio cha tanki usikiamini peke yake, boya lake hukwama. Pima pia kwa kijiti. Hakikisha hakuna anayeongeza matope kwenye tanki bila kukuambia, na vali yake haivuji.

Mkifikia mabomba mazito ya chini, hesabu inabadilika kabisa: yale ya inchi 8 hudai karibu lita 800 kwa stendi. Hapo watu wamechoka na wanataka kumaliza, wanaendelea kujaza kwa kipimo cha zamani. Kabla ya zamu, mwombe drila karatasi ya vipimo ya uchomoaji uliopita, uilinganishe na yako mstari kwa mstari.

Baba yako