Jibu kwa aliyeachiwa boksi la beji za kampeni za Marekani: zigeuze kwanza

Mkuu, umesema familia ya mzee uliyekuwa unamhudumia huko Ohio imekuachia boksi la beji za kampeni za urais, na wadau hapo juu wameshaanza kukuhesabia mamilioni. Tulia kwanza. Vitu hivi nanunua na kuuza kwenye masoko ya mitumba ya jimbo hilohilo, na kwa picha ulizoweka sithubutu kutaja bei, maana zote umezipiga usoni. Beji husomwa mgongoni na ukingoni.

Anza na ile ya rais William McKinley. Beji za pini zilishika kasi kwenye uchaguzi wa 1896, McKinley dhidi ya mpinzani wake Bryan, baada ya kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark kupata hataza yake. Picha ilichapwa kwenye karatasi, ikafunikwa kwa seluloidi (plastiki ya kizamani, nyembamba na angavu), kisha vyote vikakunjwa juu ya bati. Iinamishe kwenye mwanga: ya kweli utaona ule utando unavyopanda ukingo na kuingia nyuma, na ndani mgongoni mara nyingi kuna kikaratasi chenye jina la mtengenezaji. Ukikuta rangi imechapwa moja kwa moja juu ya bati, usihangaike nayo. Uchapaji huo uliingia kwenye kampeni miaka ya 1920 hivi, na McKinley aliuawa 1901.

Za kuiga zimejaa kwa sababu kuna wakati kampuni za biashara zilizitoa kama zawadi kwa wateja. Seti ya 1972 ya kampuni moja ya mafuta nakutana nayo kila soko. Tangu 1973 sheria inataka beji ya kuiga iandikwe mwaka ilipotengenezwa. Wajanja huukwangua, kwa hiyo ukingo uliokwaruzwa sehemu moja tu, kwingine safi, mimi siununui.

Sasa ile ya Lincoln, ndiyo iliyonifanya niandike. Kampeni ya 1860 ilikuwa na beji za picha halisi, kibati chembamba kilichozungushiwa pete ya shaba, Lincoln upande mmoja na mgombea mwenza wake Hannibal Hamlin upande wa pili, na tundu la kupitishia utepe. Picha iliyomtangaza sana mwaka ule aliipiga Mathew Brady jijini New York tarehe 27 Februari, siku Lincoln alipotoa hotuba yake kwenye ukumbi wa Cooper Union. Angalia kidevu! Lincoln aligombea 1860 akiwa hana ndevu, akaanza kuzifuga baada ya kushinda. Kama yako ina ndevu halafu mtu anakuuzia maneno kwamba ni ya 1860, muage kwa heshima. Na kama ina Hamlin mgongoni, usiiguse tena kabla ya kuongea na mtu wa mnada.

Umri peke yake hauleti bei. Beji inayotafutwa kuliko zote ni ya walioshindwa, mgombea urais James Cox wa Democratic na mgombea mwenza wake Franklin Roosevelt, 1920, wote wawili kwenye beji moja. Chama hakikuwa na fedha, zikatengenezwa chache, na leo hiyo moja huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. "I Like Ike" za 1952, za Dwight Eisenhower (Ike), zilimwagwa nchi nzima, nyingi utapata hela ya chai tu.

Kile kisoli cha kiatu cha chuma chenye tundu, ambacho mdau mmoja amekiita takataka, usikitupe. Mwaka huohuo wa 1952, mjini Flint, Michigan, William Gallagher alimpiga picha Adlai Stevenson, mpinzani wa Ike, amekunja nne, soli ya kiatu imetoboka. Picha ikapata tuzo ya Pulitzer 1953, na watu wa Stevenson wakaigeuza pini ya kampeni. Bei yake si kubwa, lakini mimi ninacho na sikiuzi.

Usizioshe. Maji yakipenya chini ya seluloidi yanaacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Za Obama za 2008 ziko tele, weka tu. Ila kama nyumbani mna ile khanga ya "Hongera Barack Obama", itunze pamoja nazo, huku wengi hawajawahi kuiona.

Piga upya migongo na kingo, mchana karibu na dirisha bila flashi, uziweke hapahapa. Ya Lincoln nataka pande zote mbili.