Kwa nini nimlipe mgeni anisikilize?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Morogoro. Mwaka jana nilijifungua mtoto akiwa ameshafariki, na tangu hapo usingizi hauji. Muuguzi wa kliniki ananisihi nionane na mshauri nasaha. Lakini nina shoga yangu wa tangu shuleni, namweleza kila kitu. Huyo mshauri atanipa nini ambacho shoga yangu hanipi?
Mama wa Kihonda

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Shoga yako usimwache. Ila ngoja nikusimulie yangu.

Mama yangu alifariki tukiwa wawili tu chumbani. Rafiki yangu wa miaka 20 alikuja kila jioni na chupa ya chai ya tangawizi. Siku nilipoanza kumweleza saa ile ya mwisho, jinsi mama alivyoomba maji nikamwambia asubiri kidogo, alilia mpaka kanga ikalowa. Nikaikatisha habari, nikaanza kumbembeleza yeye. Kesho yake nikamwambia naendelea vizuri. Hakukosea kitu, alimpenda mama. Lakini yale maji nilibaki nayo moyoni miezi minane.

Mshauri nilimkuta katika chumba kidogo cha hospitali, viti viwili na dirisha. Akaanza na masharti: tuna dakika 50, nitakayosema hayatoki humo, isipokuwa akiona maisha yangu au ya mwingine yako hatarini. Nilipofika kwenye maji hakulia, wala hakusema ni kazi ya Mungu. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Ulipomwambia asubiri, mikono yako ilikuwa inafanya nini?" Ilikuwa inakamua kitambaa nimpanguse mama paji la uso. Miezi minane yote nilikuwa nimekisahau kile kitambaa. Nililia, na sikuwa na mtu wa kumbembeleza. Wiki iliyofuata tukaanzia palepale.

Tena shoga yako anamjua mumeo. Ukimwambia mumeo hakutoa chozi siku ile, atamtazama kwa jicho hilo hata harusini. Mshauri hana harusi ya kukutana naye.

Na huo usingizi, mwanangu, kuukosa muda wote huo si jambo la kumalizwa na chai. Mshauri amesomea kutofautisha majonzi na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na ikibidi atakuelekeza kwa daktari. Muulize muuguzi wako kama hospitali ya mkoa ina mshauri, na gharama zake. Jipe vikao vitatu au vinne. Usipoelewana naye, omba mwingine, hakuna ugomvi hapo. Ila likikujia wazo la kutotaka kuishi, usingoje miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo, na huyo shoga yako akusindikize.

Na kama mwanao ulishamchagulia jina, mtajie mshauri siku ya kwanza.