Bustani ipange kwa siku mbaya

Dada, pole sana. Umeuliza kama uachane na bustani baada ya kuambiwa una baridi yabisi, na kwa nini hata kitabu kinakushinda wakati macho yako ni mazima. Ninaishi na ugonjwa huohuo kwa miaka mingi. Bado napanda, bado nasoma, ila si kama zamani.

Asubuhi usiguse jembe. Najua unavyoamka vidole vimekakamaa, hata kifuniko cha chupa hakifunguki, na saa nzima inapita kabla havijaachia. Hiyo si kutokuzoea kazi. Ni kinga ya mwili inayoshambulia utando wa ndani ya viungo, na kiungo kilichovimba hakikomazwi kwa kulimishwa. Mimi nashika udongo jioni.

Bustani yenyewe naipanga kwa siku mbaya. Siku nzuri inadanganya: unajiona mzima, unapalilia tuta zima, kesho yake hushuki kitandani. Kwa hiyo nimebaki na kile ninachoweza kukihudumia nikiwa hoi, yaani vyungu vichache juu ya meza ya usawa wa kiuno, nisiiname wala kupiga magoti. Mipini ya koleo dogo na mkasi nimeizungushia mpira wa tairi la baiskeli mpaka ikanenepa, maana kukamata kitu chembamba ndiko kunakoumiza. Maji nabeba kwa kopo dogo, narudi tena na tena. Wanaocheka waache wacheke.

Kama umeandikiwa dawa za kushusha kinga, vaa glavu, na mboji iloweshe kwanza usije ukavuta vumbi lake. Methotrexate, mojawapo ya dawa hizo, kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, kwa hiyo weka alama kwenye kalenda. Siku inayofuata dozi mimi sijipangii kitu.

Kwenye vitabu, kinachokushinda huenda ni uchovu unaokuja na ugonjwa huu, pamoja na uzito wa kitabu mikononi. Kikubwa nakilaza juu ya mto. Riwaya zenye ukoo mzima wa wahusika nimewaachia wenye nguvu zao. Nasoma insha, shajara na maandishi kuhusu viumbe, vitu ambavyo unasoma kurasa mbili ukafunga bila kupotea.

Huko ndiko nilikomkuta Charles Darwin mgonjwa, ambaye hatukusimuliwa shuleni. Sehemu kubwa ya utu uzima wake aliumwa, na mpaka leo madaktari wanabishana aliumwa nini. Kuna wakati, miaka ya 1860, alifungiwa chumbani na maradhi, akaweka humo chungu chenye hopsi, mmea unaokwea ambao maua yake hutiwa kwenye bia, na kuutazama usiku na mchana. Akaona ncha ya shina haiendi juu tu, inazunguka hewani ikitafuta pa kushika, na hali ya hewa ikiwa ya joto duara moja huchukua kama saa mbili. Maandishi yake kuhusu mimea inayokwea yalitoka 1865.

Nikajaribu kwa maharagwe, chungu kando ya kitanda na kijiti kimesimikwa. Ncha ikishapita kijiti, inaanza. Unasinzia imeelekea dirishani, unaamka imegeukia mlango. Ukitazama kwa juu, hopsi hufuata mshale wa saa na maharagwe huenda kinyume, kila mmoja na ukaidi wake. Kwangu hiyo ni bustani kamili, na haidai vidole.

Ukitaka kujaribu, hakikisha mbegu ni ya aina inayotambaa. Ile fupi ya kichaka haitakuonyesha kitu. Na kijiti kiwe kifupi mwanzoni, ili ncha ibaki hewani uione ikizunguka kabla hujaipa kirefu zaidi cha kukwea.